Naomba ushauri: maana ya magurudumu na simba wa hekalu la Konark

Ndugu wanachama, salaam. Ninaandika maelezo ya picha za hekalu la Surya, mungu jua, lililojengwa Konark, jimbo la Odisha nchini India, katika karne ya 13 chini ya mfalme Narasimhadeva wa Kwanza, nami nimekwama.

Hekalu limechongwa mfano wa gari lenye magurudumu 24 likivutwa na farasi 7. Maelezo mengi niliyosoma yanasema magurudumu hayo ni saa 24, jambo linalonitia shaka, kwa kuwa Wahindi wa zama zile waliigawa siku katika vipindi 8, na ndiyo idadi ya spoku kubwa za kila gurudumu. Wengine huyahesabu kuwa vipindi 24 vya mwezi kukua na kupungua katika mwaka, na hapo ndipo ninapoelemea.

Langoni, simba amemkanyaga tembo, na tembo amemgandamiza mtu. Waongoza watalii husema simba ni kiburi na tembo ni mali. Kwangu mimi hilo linafanana mno na mawaidha ya baadaye.

Je, simba huyo asomwe kama alama ya nguvu za mfalme, au kama mlinzi wa mlango tu? Na kuhusu magurudumu, nishike maana moja au nizitaje zote mbili?