Naombeni ushauri: nimpe rafiki yangu Pluto au nisubiri kwanza?

Mzee wa Juzuu: Wakuu, habari za jioni. Mimi na wenzangu wawili tunapokezana Pluto, hadithi ya katuni ya Kijapani (manga) ya Naoki Urasawa, juzuu zote 8. Rafiki yetu wa nne alikuwa ulinzi wa amani Kongo, karudi mwaka jana, na tangu arudi haongei sana. Juzi aliokota juzuu ya kwanza mezani, akauliza inahusu nini. Nikapata kigugumizi.

Kinachonitatiza ni North No. 2. Ni roboti wa kivita aliyeangamiza roboti wenzake vitani, sasa anamtumikia mtunzi wa muziki kipofu huko Uskochi. Amejifunika joho refu, chini yake ni silaha tupu. Anaomba afundishwe piano. Mzee anamfokea kwamba mashine haiwezi kuujua muziki. Anajibu kwamba hataki kwenda vitani tena.

Naogopa kumtonesha kidonda.

Kibaha_Kwetu: Mpe, mkuu. Ni mtu mzima, na kauliza mwenyewe.

Mama Nuru: Kaka, mume wangu ni askari. Usimpe akaondoka nayo, someni pamoja. Na usimhoji. Yule mzee mkali, ukimwangalia vizuri, dawa aliyompa North mwishowe ni kumruhusu akae kwenye piano. Basi.

Msomaji Tanga: Naungana na dada. Ila mwambie mapema kwamba mbele kunazidi kuwa kuzito. Gesicht, roboti mpelelezi wa Europol (polisi wa Ulaya), ana kumbukumbu iliyofutwa, na ndani yake kuna mtoto. Hapo mimi nililia. Asianzie kwenye katuni ya video ya 2023 pia. Ile ina milipuko na sauti, kitabu unakifunga ukishindwa.

Kibaha_Kwetu: Au aanze na manga ya Osamu Tezuka ya 1964, iliyozaa hii? Ni nyepesi zaidi.

Msomaji Tanga: Ile iliandikiwa watoto, mkuu. Huyu ameiokota hii.

Mzee wa Juzuu: Ahsanteni sana, Mama Nuru hasa. Nimempigia, anakuja Jumamosi. Nimemwambia ukweli: kuna askari humo ndani, hataki kurudi vitani, anataka kujifunza piano. Akanyamaza mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akauliza, "Alijifunza?"

Nikamwambia aje tusome.