Mrejesho: ule ukuta unaolowa, Mabatini

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kuhusu chumba cha watoto: masika ikianza, ukuta wa nyuma ya kabati unaota ukungu, nguo zinanuka uvundo. Fundi alitaka kubandua plasta yote.

Kabla ya kumpa hela nilifuata ushauri wa nailoni: unabandika kipande ukutani, unaziba kingo zote kwa soletepu, unaacha siku kadhaa. Unyevu ukionekana upande wa ukutani, unatoka kwenye tofali. Ukiwa upande wa chumbani, ni mvuke wa humo humo ndani. Nilibandika chini na juu, na majibu yakatofautiana!

Chini ni tofali. Sisi wa milimani Mwanza tumeegemea majabali. Mvua ikinyesha, maji yanateleza juu ya mwamba na kutuama nyuma ya nyumba. Tumechimba mfereji wenye mteremko, tukajaza kokoto. Jirani wa chini alinuna kidogo hadi tulipougeuza uelekee kwenye mtaro wa barabarani.

Juu ni mvuke: maharage yanachemkia ndani, nguo mbichi zimeanikwa chumbani, madirisha yamefungwa kwa kuogopa mbu. Sasa jiko la mkaa liko nje (ndani lilikuwa hatari hata kwa moshi wake), dirisha lina wavu, kabati limeachana na ukuta. Huko juu kumekauka.

Chini bado pabichi, kwa hiyo rangi inasubiri kiangazi. Waliowahi kupaka chokaa kwenye ukuta wa namna hii, ilidumu?