Von Lettow: jenerali hodari, au tunamsifia bure?

Mzalendo_Pwani: Wakuu naomba tujadili bila matusi. Paul von Lettow-Vorbeck, yule Mjerumani aliyeongoza jeshi lao hapa kwetu 1914 mpaka 1918, mimi naona hakuna jenerali aliyepigana Afrika akamfikia. Alikuwa na Wazungu kama 3,000 na askari weusi kama 11,000 alipokuwa na watu wengi kabisa, kazungukwa na Waingereza, Wahindi, Makaburu, Wabelgiji na Wareno, meli haziingii, dawa hamna mpaka wakawa wanachemsha maganda ya mti kule Amani kupata kwinini, na bado kaja kusalimu amri 25 Novemba 1918 pale Abercorn, siku hizi Mbala, Zambia, wiki mbili nzima baada ya vita kuisha Ulaya. Mnasemaje? Na mtu asiniletee hadithi kwamba kwenye mapigano ya Tanga 1914 walioshinda ni nyuki.

Mgosi_wa_Pongwe: Mkuu hapo kwa nyuki umenigusa. Nyuki walikuwepo. Wazee wetu walitundika mizinga kwenye miti, mizinga ya asali nasema, risasi za bombom, yaani bunduki za rashasha, zikaitoboa, nyuki wakatoka wakamtandika kila aliyekuwa chini. Waingereza wakaenda kusema eti Wajerumani ndo waliwatega. Aitken, jenerali wa Waingereza, alishuka na watu kama 8,000, Mjerumani ana kama 1,000, siku ya tatu Mwingereza anapanda meli kaacha bunduki na risasi 600,000 ufukweni. Heshima ya Tanga usiipunguze.

Mzalendo_Pwani: Sijaipunguza mgosi, nasema aliyepanga ni Lettow, nyuki hawapangi vita.

Kipanga_Songea: Mnabishana nyuki. Hao "askari hodari" mnaowasifia walikuwa vibaraka tu, jeshi lilelile lililochoma mashamba yetu Maji Maji mpaka watu wakafa njaa, lililomnyonga Chifu Songea Mbano 1906. Miaka minane baadaye linaitwa hodari?

Binti_Unyamwezi: Kipanga futa hilo neno. Babu mzaa bibi yangu alikuwa askari wa Mjerumani, alitoka Tabora, kaenda mpaka Msumbiji na karudi kwa miguu. Wanyamwezi na Wasukuma kibao waliingia kwa sababu ndo kazi iliyokuwa na mshahara wa maana, wengine walishatoka kwenye safari za pwani, kubeba na kupigana ndo maisha yao. Wewe leo ukipewa kazi na mgeni unaikataa? Usimtukane mtu kaburini.

Kipanga_Songea: Dada sijamtaja babu yako, nimetaja jeshi. Na mimi nina babu. Wangu hakupata mshahara, alipata kamba.

Binti_Unyamwezi: Umesema vibaraka, babu yangu yumo.

Kariokor_Boy: Ndugu zangu wa TZ, habari zenu. Mimi ni wa Nairobi, nashangaa mmeongea sana hakuna aliyetaja wabebaji. Jina Kariokor huku na Kariakoo kwenu Dar vyote vimetoka Carrier Corps, kikosi cha wabebaji mizigo cha jeshi la Mwingereza. 1917 serikali ya mkoloni iliwazoa vijana kwa lazima vijijini, wakapelekwa huko kwenu kubeba, wakapewa unga wa mahindi usioiva, mtu amezoea wimbi na viazi anaharisha damu mpaka anakufa. Waliohesabiwa tu wa upande wa Kenya ni zaidi ya 40,000. Na mishahara ya waliokufa haikufika kwa familia, ilibaki serikalini. Hapo ndo tuanzie.

Mzalendo_Pwani: Pole sana, lakini hao walikufa mikononi mwa Mwingereza, Lettow anaingiaje? Mada ni jenerali.

Kariokor_Boy: Anaingia kwa sababu alisema mwenyewe nia yake ni kuwavuta Waingereza wengi iwezekanavyo wasiende Ulaya! Kila alipokimbia walimfuata, na kila aliyemfuata naye kuna mtu alimbebea mizigo.

Mwalimu_Mstaafu_Dodoma: Vijana hamjambo. Huku Ugogo hiyo vita tunaijua kwa jina la mtunya, ile njaa iliyokuja mwishoni mwake. Mjerumani alipita akachukua ng'ombe na mtama na wanaume, Mwingereza akaja akachukua kilichobaki, halafu mvua zikakataa, halafu ile homa ya mafua ya 1918. Nilipokuwa mdogo wazee walihesabu umri kwa mtunya, huyu kazaliwa kabla, huyu baada. Daktari wa jeshi la huyohuyo Lettow, Ludwig Deppe, aliandika kwamba nyuma yao wanaacha mashamba yaliyoharibiwa na njaa. Shahidi huyo alikuwa wa kwao. Na kabla ya kuja kwetu huyu bwana alikuwa Namibia 1904, chini ya von Trotha, Waherero wakimalizwa.

Mzalendo_Pwani: Shikamoo mwalimu. Lakini mbona 1953 aliporudi Dar kutembea, maaskari wake wazee walikwenda kumpokea wakamwimbia? Na 1964 alipokufa, bunge la Ujerumani Magharibi likapitisha walipwe malimbikizo, mtu wa benki akaja mpaka Mwanza, asiye na cheti cha uaskari anapewa fagio kama bunduki anaamrishwa kwa Kijerumani, mwili wenyewe ukawa unakumbuka. Mtu katili hapendwi hivyo.

Binti_Unyamwezi: Waliimba kwa sababu ndo ujana wao ule. Babu yangu hakufika 1964. Bibi alisema kitu kimoja tu alichosimulia kila mara ni wapagazi waliofungwa shingo kwa shingo wasitoroke, na yeye ndo mlinzi wao. Sijui kwa nini nimeandika hili hapa.

Kipanga_Songea: Dada, asante kwa kusema.

Kariokor_Boy: Huku Kenyatta Avenue sanamu za kumbukumbu ya vita hiyo ziko tatu, mmoja wao ni mbebaji. Ya kwenu pale mtaa wa Samora, Dar, ni askari peke yake na bunduki.

Mzalendo_Pwani: Ile waliweka Waingereza 1927, mahali palipokuwa na sanamu ya Wissmann, gavana wa Mjerumani. Sisi tungemuweka nani?

Mgosi_wa_Pongwe: Mbebaji, mzigo kichwani.

Kipanga_Songea: Na kamba shingoni. Muweke kamili.

Mzalendo_Pwani: Mnanihamisha kwenye mada. Nani anaweza kunitajia jenerali mwingine aliyepigana kama yeye kwenye yale mapigano ya Mahiwa, kusini, 1917?

Mwalimu_Mstaafu_Dodoma: Mwanangu, soma tena nilichoandika kuhusu Ugogo.