Naomba ushauri: alama za mwelekeo zenye sura ya bahari katika kituo cha usafiri
Wadau wa usanifu, nimekabidhiwa kazi ya kubuni mabango na alama za kuwaelekeza abiria katika kituo kinachounganisha treni, mabasi na vivuko, na mteja anataka kila kitu kifuate taswira ya bahari. Wazo la kuupa kila ukumbi kiumbe chake, kasa huku na pweza kule, silipingi, kwani metro ya Mexico City imetumia picha kwa kila kituo tangu 1969, na hata asiyejua kusoma hutambua ashukie wapi. Kinachonitatiza ni rangi. Katika viwango vya ISO, shirika la kimataifa la viwango, kijani ni rangi ya njia za dharura na buluu ni ya alama za amri, yaani zinazoeleza jambo ambalo ni lazima ulifanye, ilhali mteja ameng'ang'ania kuta nzima za buluu na kijani. Nahofia alama ya kutokea itamezwa humo, hasa moshi ukitanda. Je, bahari ibaki darini na sakafuni tu, na mabango yawe na maandishi meupe juu ya buluu iliyokoza? Na je, mawimbi yaliyochorwa sakafuni hayatawachanganya wenye uoni hafifu wanaofuata vigae vyenye vinundu? Aliyewahi kuijaribu kazi ya namna hii kwa abiria halisi kabla ya kuichapisha, tafadhali anieleze alivyofanya.