Nyie mafundi cherehani wa Dar nani kawadanganya kutu inatolewa kwa grenda na rangi ya kupuliza???

Wakuu nina hasira niacheni niongee kwanza, ushauri baadae.

Nina cherehani ya mzee wangu, Singer 29K, ile ya mafundi viatu yenye mkono mrefu mwembamba, guu lake linalokandamiza ngozi linazunguka pande zote kwahiyo unashona unakotaka bila kuihangaisha ngozi. Hiyo K ni ya Kilbowie, kiwanda chao cha kule Clydebank, Uskoti, kilishafungwa toka 1980, sasa piga hesabu mwenyewe hata ile changa kabisa ina umri gani na spea yake orijino ikiharibika unaenda kumlilia nani. Kutu ilikuwepo sikatai, imekaa stoo Temeke na hii hewa ya chumvi ya Dar mnaijua, ila ilikuwa kutu ya juu juu tu, gurudumu ukilikazania linazunguka.

Nkampelekea fundi mmoja Kariakoo, jina simtaji, nkamwelekeza kabisa kwamba kaka fungua kila kitu, loweka kwenye mafuta ya taa, sugua na brashi na stiliwaya ya masufuria, taratibu, usiguse shato, kile kidude cha chini kinachobeba uzi wa chini. Akaitikia vizuuuri, "usijali bosi wangu".

Kapiga grenda. GRENDA jamani. Yale maua ya dhahabu yamefutika yote, halafu kapuliza rangi nyeusi juu yake bila kufungua hata skrubu moja, rangi imeingia mpaka kwenye matundu ya oili yameziba kabisa, sasa mashine inayosagana chuma kwa chuma oili naipitishia wapi, puani kwangu? Fimbo ya sindano nayo imeganda rangi, ukizungusha inapanda inagoma kushuka, namuuliza ananijibu eti "ishonee shonee tu itazoea". Itazoea nini wewe???

Na shato kaigusa. Kaipiga msasa ile ncha inayodaka uzi wa sindano, imekuwa butu inang'aa kama kijiko, matokeo yake cherehani inaruka, inashona mbili inaacha tatu. Na sindano aliyochomeka ni ya cherehani ya nyumbani, wakati 29K ina sindano zake, 29x3 za kitambaa na 29x4 za ngozi zenye ncha ya kukata, na anajua kabisa nashona mikanda na makubadhi maana nlimwachia vipande vya ngozi vya kujaribia (navyo sijavikuta).

Kuna mwingine jirani yake hapo kanifata eti bro tupa hiyo chukua Butterfly mpya, inashona ngozi freshi tu. Uongo mtupu. Bitana na ngozi laini sawa, weka mkanda wa ngozi nene mara mbili uone, guu halinyanyuki hivyo na yale meno ya chini yanaichora ngozi yote.

Hela nimelipa yote kwa sababu aligoma kuitoa mashine. Saivi nazibua matundu na tina ya kuyeyushia rangi kwa bomba la sindano la famasi, kidogo kidogo. Mwenye kujua wapi Gerezani au Tandika napata shato ya 29K atupie hapa, picha kwanza tafadhali, iliyopigwa msasa sitaki. Na wewe fundi kama unasoma, acha kunipigia kuniuliza kama nina mashine nyingine ya kuleta.