Nyasi za nyumbani: data ya kuaminika tutaitoa wapi?

MamaRehema: Salaam jamani, nataka kujua watu hapa Malindi wanamwagilia nyasi mara ngapi na mbolea wanatia kiasi gani, nimeuliza nyumba kadhaa huku Casuarina, mwenye nyumba aniambia mara mbili kwa wiki, mtunza bustani wake aniambia kila jioni. Nishike la nani?

KijanaWaShela: La mtunza bustani dada, yeye ndo anashika mpira wa maji. Mwenye nyumba si kwamba anadanganya, anakutajia vile angependa iwe. Na mita nayo haisaidii sana, inahesabu ya kuoga na kufua humo humo, halafu wenye visima hawana mita kabisa.

MzeeWaBustani: Mwanangu, hata Marekani 2005 watafiti walitumia setilaiti wakakadiria nyasi zao kilomita za mraba 160,000 na zaidi, lakini setilaiti haioni nani katia mbolea. Gawa madaftari, watunza bustani waandike maji na mbolea siku ile ile, kaskazi na masika pia maana mvua za Mei zikishika nani atamwagilia?

MamaRehema: Shukran babu, kesho nanunua kumi, nawapa watunza bustani wenyewe.