Dekoreta za Python: zipi ziingie kwenye faili la wote, na zipi zibaki nje?

MLETA UZI

Wakuu habari za jioni. Nna hoja nimekaa nayo wiki mbili sasa, naomba tuijadili kwa uzito maana kazini imegawanya timu katikati. Ni hii habari ya dekoreta, zile unazoandika mara moja, unaweka kwenye faili la pamoja, alafu kila mtu anazibandika juu ya fanksheni zake (vipande vya msimbo vyenye jina) kwa alama ya @. Wenzangu wanasema kitu chochote kikijirudia zaidi ya mara mbili kigeuzwe dekoreta. Mimi nasema hapana, na nasema hivo nikiwa mtu ninayezipenda dekoreta kuliko wengi.

Kwa asiyezijua: dekoreta ni fanksheni inayopokea fanksheni nyingine, inaivika ganda, alafu inarudisha lile ganda litumike badala yake. Hamna zaidi ya hapo. Ziliingia kwenye lugha ya programu ya Python toleo la 2.4, Novemba 2004, baada ya watu kuvutana sana kuhusu alama gani itumike mpaka Guido van Rossum, muasisi wa Python, akaamua ni @. Kabla ya hapo ulikuwa unaandika fanksheni yako yote, hata iwe na mistari sitini, alafu kule chini kabisa ndo unaandika kwamba jamani hii ni classmethod, yani fanksheni ya klasi yenyewe. Msomaji anashuka mpaka mwisho ndo anajua alikuwa anasoma nini. Kwa hiyo sababu ya kuziweka juu ilikuwa ni kitu kionekane mapema. Shikeni hilo, maana sisi tumezigeuza kuwa mahali pa kufichia.

Sasa kisa chenyewe. Mwaka jana nilikuwa kwenye mradi wa kukusanya ada za shule kwa malipo ya simu. Kwenye faili letu la pamoja kulikuwa na dekoreta niliyoiandika mwenyewe na niliona nimefanya kazi nzuri kweli, hii hapa:

```
from functools import wraps

def jaribu_tena(mara=3):
    def pamba(f):
        @wraps(f)
        def ganda(*args, **kwargs):
            for i in range(mara):
                try:
                    return f(*args, **kwargs)
                except Exception:
                    if i == mara - 1:
                        raise
        return ganda
    return pamba
```

Iangalieni. Inapita, ina wraps (inayotunza jina la fanksheni ya asili), inapokea parameta, inafanya kile kile jina lake linachosema. Niliiandika kwa ajili ya fanksheni ya kusoma viwango vya kubadilisha fedha kutoka seva moja ya nje iliyokuwa inakatika katika, na ilitusaidia mno. Miezi mitatu baadae mwenzetu mmoja, kijana makini kabisa, akaibandika juu ya fanksheni ya toza_ada. Nani angemzuia? Iko kwenye faili la wote, jina linaeleweka, na waliopitia kazi yake waliona mstari mmoja tu umeongezeka.

Siku ya mwisho ya kulipa ada mtandao ukazidiwa. Ombi letu linafika kwa mtoa huduma, hela inakatwa, ila jibu linachelewa kurudi, huku kwetu sekunde 30 za kusubiri zinaisha, eksepsheni (taarifa ya kosa) inarushwa, ganda linaidaka kimya kimya linaita tena. Mzazi mmoja alikatwa shilingi 85,000 mara tatu, yani 255,000 zimetoka kwenye simu yake, na kwenye logi zetu, yani kumbukumbu za programu, kila kitu shwari kwa sababu ile mara ya tatu jibu lilirudi vizuri. Yule mama alikuja mpaka ofisini, akanionesha zile meseji tatu zimefuatana zimepishana nusu dakika nusu dakika. Hakupiga kelele, aliuliza tu hela ya chakula cha wiki hii ataitoa wapi. Tulimrudishia, ila ilichukua siku nne.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Dekoreta ya kuwekwa kwenye faili la wote ni ile ambayo haihitaji kujua kilichomo ndani ya fanksheni inayoivika. Askari wa getini anaandika jina lako na saa uliyoingia, hana haja ya kujua umekuja msibani au umekuja kudai deni, daftari lake linafaa kwa kila mtu. Hiyo ndo dekoreta ya kupima muda, au ya kuandika logi. Lakini anayetaka kukurudisha ulikotoka uje tena mara tatu, huyo lazima ajue umebeba nini mkononi. Kujaribu tena kunahitaji kujua kama fanksheni ikirudiwa haileti madhara. Keshi, yani kutunza jibu ili lisitafutwe upya, inahitaji kujua kama jibu la jana bado ni jibu la leo. Hizo ziandikwe ndani ya fanksheni, wazi, msomaji azione. Nawasilisha.

MCHANGIAJI 1

Pole sana mkuu kwa yaliyowakuta, na pole kwa huyo mama zaidi. Ila napingana na wewe, tena moja kwa moja. Unaibebesha dekoreta mzigo usio wake. Tatizo lenu ni kwamba ombi la malipo halikuwa na namba ya muamala ya kudumu. Mifumo mingi ya malipo ukituma ombi mara ya pili kwa namba ileile inakujibu kwamba hili nshalipokea, haikati tena. Hata ungeandika lupu (mzunguko wa kurudia) kwa mkono ndani ya toza_ada bila hiyo namba, yule mama angekatwa mara tatu vilevile.

Na pili, ule mstari wa except Exception ndo mchawi mwingine. Unadaka kila kitu, hata kosa la kuandika jina la sehemu vibaya unalijaribu mara tatu. Dekoreta ikiandikwa vizuri inaambiwa makosa yapi irudie. Ukiikataza, kesho utakuta lupu ishirini za kujaribu tena zimetapakaa kwenye mafaili ishirini, kila moja ina bagi yake, yani kosa lake. Mimi nshakuta hiyo hali, nilirekebisha sehemu moja nikasahau kumi na tisa.

MLETA UZI

Hapo kwa except Exception umenishika kaka, kosa ni langu, siwezi kulitetea. Ila hilo la namba ya muamala ndo linanipa nguvu zaidi, ngoja nieleze. Namba TULIKUWA NAYO. Ilikuwa inatengenezwa mstari wa kwanza ndani ya toza_ada, kwa uuid4, inayotoa namba mpya ya nasibu kila ikiitwa. Sasa dekoreta inaitaje? Inaita fanksheni nzima tangu mwanzo. Kila jaribio linapita kwenye ule mstari wa kwanza, linazaa namba mpya, na mtoa huduma anaona miamala mitatu tofauti. Ingekuwa lupu imeandikwa ndani, namba ingekaa juu ya lupu na kutuma kungekaa ndani yake, na yeyote anayesoma angeona kwa macho kwamba namba ni moja majaribio ni matatu. Lile ganda liko nje kabisa, haliwezi kugawa fanksheni katikati. Ama lirudie yote ama lisirudie kitu.

MCHANGIAJI 2

Salaam kutoka Mombasa. Mimi nafanya kazi na Flask, ile ya kujengea tovuti kwa Python, mwaka wa sita huu na nataka kuuliza kuhusu kipimo chako, ndugu mleta uzi. Dekoreta ya kukagua kama mtu ameingia kwa nywila, ile login_required, umeiweka wapi? Maana hiyo haipimi muda tu, inaweza kuizuia fanksheni isiitwe kabisa. Na hakuna mtu mwenye akili zake atakayesema tuiandike ndani ya kila fanksheni, kwa sababu siku utakayosahau moja ndio siku data za watu zitatoka nje.

Lakini hata hiyo ina mtego wake na ningependa wanaosoma waujue. Dekoreta zinavikwa kuanzia chini kwenda juu. Ukiandika login_required JUU ya app.route, basi app.route ndiyo inayovika kwanza, inaichukua fanksheni ikiwa uchi, inaisajili kwenye ramani ya anwani, alafu inairudisha vilevile. Ndipo login_required inaivika. Lile ganda lenye ulinzi limebaki na jina tu, Flask inaita ile iliyosajiliwa mwanzo. Ukurasa unafunguka kwa yeyote. Na ukiutazama ule msimbo unaona login_required imekaa pale juu kabisa, unatulia. Mimi nilikuta kurasa mbili za namna hii kwenye mfumo nilioukabidhiwa, zilikuwa hivyo tangu mfumo uanze. app.route lazima iwe ya juu kabisa, siku zote.

MLETA UZI

Swali zuri sana hili. login_required naipitisha, iwe kwenye faili la wote, na kwa kipimo kilekile: inaangalia ombi na aliyelileta, haina haja ya kujua fanksheni itafanya nini baada ya hapo. Inaita mara moja au haiiti. Hilo la mpangilio sikuwa nimelifikiria, kesho asubuhi naanza nalo kabla ya chai.

MCHANGIAJI 3

Samahani wakubwa, mimi bado nasoma chuo. Nimeandika dekoreta yangu ya logi, nikaiweka kwenye kurasa mbili za Flask, ya kwanza ikakubali, ya pili programu ikagoma kuwaka, inasema nafuta njia iliyokuwepo inayoitwa ganda. Sina fanksheni ya ukurasa inayoitwa ganda.

MCHANGIAJI 2

Hukuweka wraps mdogo wangu. Bila functools.wraps kila fanksheni uliyoivika inajitambulisha kwa jina la ganda, na Flask inatumia jina hilo kama kitambulisho cha njia, kwa hiyo imeona mbili zinagombea jina moja. Ongeza @wraps(f) juu ya ganda, kama alivyofanya mleta uzi hapo juu. Ipo tangu Python 2.5, hakuna sababu ya kuiacha. Inabeba jina na maelezo ya fanksheni ya asili, na tangu 3.2 inaacha pia __wrapped__ ukitaka kuifikia ile ya ndani kwenye testi zako.

MCHANGIAJI 4

Mimi niko upande wa mleta uzi ila hajaenda mbali vya kutosha. Anasema dekoreta ya kupima muda haihitaji kujua kilichomo ndani. Inahitaji! Ivike juu ya fanksheni ya async, ile ambayo kazi yake inasubiriwa kwa neno await, uone. Ganda la kawaida likiita fanksheni ya async, halipati jibu, linapata korutini, yani ahadi ya kazi ambayo haijaanza. Linarudi papo hapo. Kipimo chako kitaandika sekunde sifuri nukta sifuri sifuri, kazi yenyewe inakuja kuchukua sekunde nane baadae wakati ganda lishatoka. Na ile jaribu_tena ndo kabisa, eksepsheni inarushwa pale mtu anapofanya await, nje ya try yako, kwa hiyo hairudii hata mara moja na hakuna atakayekwambia. Tuliishi na dekoreta kama hiyo miezi mitano tukiamini tunalindwa.

Ndo maana nasema ukitaka kuandika ya wote, iulize kwanza fanksheni ni ya namna gani kwa inspect.iscoroutinefunction, alafu uwe na maganda mawili, moja la kawaida moja la async lenye await ndani. Ongeza na ParamSpec iliyokuja na 3.10 mwaka 2021 ili kihariri cha mtu kiendelee kumwonesha fanksheni inataka parameta gani, maana bila hiyo kinaona *args na **kwargs tu. Ukishafanya yote hayo dekoreta ya mistari minane imekuwa arobaini. Watu wanaosema "ni mstari mmoja tu" waje wahesabu upya.

MCHANGIAJI 1

Narudi kidogo. Mleta uzi, kipimo chako kinakwama kwa keshi. lru_cache, dekoreta ya keshi, iko ndani ya functools yenyewe, moduli inayokuja na Python, tangu toleo la 3.2, mwaka 2011. Hilo ni faili la wote kuliko faili lolote lile, linatumika dunia nzima, na linahitaji kujua kilichomo ndani kama ulivyosema. Mtu anaweza kuibandika juu ya fanksheni ya kusoma salio na akaona salio la asubuhi mpaka jioni. Mbona hatujasema iondolewe?

Pendekezo langu: jaribu_tena ibaki, ila ondoa ile mara=3 ya kujazwa yenyewe. Mtu alazimike kuandika mara ngapi na makosa yapi, kila anapoitumia, pale juu ambapo kila mtu anaona.

MLETA UZI

Nimelala nalo hili kaka. Kuhusu lru_cache nakubali sina jibu linaloniridhisha, nilichonacho ni kwamba anayeibandika huwa ndo aliyeandika fanksheni, na sisi aliyebandika hakuwa aliyeandika. Labda hapo ndo kuna tofauti, sijui kama inatosha kubeba msimamo wangu wote.

Ila kulazimisha orodha ya makosa nimekubali, leo nimeibadilisha. Nilipoanza kujaza orodha yenyewe ndo nikaona kitu. ConnectionRefusedError naweza kurudia bila hofu, maana mlango haukufunguliwa, ombi halikuingia. TimeoutError siwezi, kwa sababu muda kuisha haunambii kama hela imekatwa au haijakatwa. Yote mawili mwanzo nilikuwa nayaita "mtandao umesumbua". Kwenye toza_ada nimeweka la kwanza tu, na muda ukiisha tunamuuliza mtoa huduma hali ya muamala kwa namba ileile kabla ya kufanya kingine chochote, na hiyo nimeiandika ndani ya fanksheni, mistari kumi na mmoja, bila dekoreta. Kijana aliyeibandika mwanzo ndo aliyeipitia. Bado timu haijakubaliana kuhusu zile dekoreta nyingine tisa zilizobaki kwenye faili, tunakaa Jumatatu, kwa hiyo wenye hoja endeleeni kuleta.